Mama Rael na Mazoezi Katikati ya Pareto

Ilikuwa ule mwaka tulikula ugali wa njano. Watu wa umri wangu wakisikia hivyo wanajua ni lini, hawahitaji kalenda. Mvua ilitunyima, mahindi yetu yakakauka yakiwa urefu wa goti, na serikali ikaleta mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Siku ya kwanza kuupika ule ugali, mzee wangu Kariuki, baba wa watoto wangu, aliuangalia, akaugeuza na kidole, akaniuliza, "Hiki si chakula cha kuku?"

"Kuku wamekataa," nikamwambia. "Ndio maana nimekuletea."

Huo ndio mwaka nilianza kuchuma pareto kule juu Mau, upande wa Olenguruone, na ndio mwaka nilijua Mama Rael.

Sasa nyinyi vijana wa kikundi cha pareto mmenipigia mimi nyanya yenu simu mara nyingi. Shosho tuandikie, shosho pareto inarudi, shosho tumepata miche. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, halafu nikatolewa kwenda kulea mtoto wa dada yangu, kwa hivyo mkiona maandishi yanapanda mlima na kushuka, mnisamehe, mkono huu ulizoea ua kuliko kalamu. Nitawaambia ninachojua. Lakini siwezi kuwaambia pareto bila kuwaambia Mama Rael, kwa sababu pareto ilinilisha, na yeye ndiye alifanya nikawa na mahali pa kukaa nikiila hiyo riziki. Nikikaa hapa nje nikiota jua, huwa ninamshukuru kwa sauti. Majirani wanadhani nimeanza kuongea peke yangu.

Tuanze na ua. Ua la pareto ni jeupe, moyo wake ni wa njano, na dawa ya kuua wadudu iko ndani ya huo moyo. Usilichume likiwa limefumba. Usilichume likiwa limezeeka majani yanaanguka. Ngoja ule moyo ufunguke karibu wote, katikati kubaki kidogo tu. Na usiingie shambani umande haujatoka. Najua nyinyi mnapenda kumaliza kazi mapema mkaangalie simu. Umande utakumalizia kazi kweli, kwa sababu ua likiingia gunia na maji, ndani ya gunia linapata joto, linakuwa jeusi, linanuka kama tumbaku ya mzee aliyesahau mfuko wake kwa mvua.

Mimi siku yangu ya kwanza nilichuma na shina refu. Nilikuwa nimejaza kikapu haraka kuliko wote na nimeringa. Mama Rael akaja nyuma yangu, mwanamke mrefu, amevaa gambuti, zile buti za mpira, za mzee wake, na sauti nzito kama ya mtu anaita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Akaangalia kikapu.

"Wewe mtoto wa Wakikuyu, unachuma maua ama unachuma mboga?"

Wanawake wakaangua kicheko mstari mzima. Nikasikia machozi yanakuja. Akachukua mkono wangu, akaweka ua katikati ya vidole viwili, dole gumba juu, akapinda. Kichwa kikatoka chenyewe, shina likabaki.

"Usivute. Ukivuta unang'oa na kesho. Pinda tu."

Hiyo ndiyo siri ya kuchuma. Hakuna nyingine.

Kukausha ndiko kuna kesi. Tandaza nyembamba juu ya meza ya kuanikia, kama vile unapaka siagi mkate wa wageni wengi. Geuza. Jua likipotea, funika. Ua limekauka ukilibonyeza likavunjika na kuwa unga. Likibonyea tu kama sikio la ng'ombe, rudisha mezani. Mimi kwa ujanja wangu nilisema kwa nini ningoje jua la Mau, ambalo linakuja kama mgeni wa heshima, asubuhi halipo, mchana limechungulia, jioni limeenda? Nikatundika pareto yangu juu ya moto jikoni. Ikakauka vizuri sana. Nikaipeleka kwa kituo cha kununua, karani akaingiza pua kwa gunia, akatoa pua.

"Mama, hii ni pareto ama ni samaki?"

Nikarudi nayo mgongoni, njia yote ile ya kupanda. Mama Rael alikuwa kwa lango lake. Akanusa, akacheka mpaka akaketi kwa nyasi. Halafu akaniambia niimwage kwa vitanda na kwa nyumba ya kuku. Mwaka huo kwangu hapakuwa na kiroboto hata mmoja, na kuku wangu ndio walikuwa wasafi kuliko wa chifu. Kwa hivyo hata kosa la pareto lina kazi yake.

Sasa nyinyi mna nyumba za plastiki za kukaushia, jua linaingia na mvua haiingii. Nilipoziona kwa mjukuu wangu Wahome, aliyepewa jina la mwanangu wa kwanza, nilishika ile plastiki nikaipapasa kama mtu amepapasa ng'ombe wa maonyesho. Mungu awabariki waliofikiria hiyo kitu.

Lakini kuna kitu kimoja cha zamani naomba mkirudishe. Zamu. Sisi hatukuchuma kila mtu peke yake. Tulikuwa wanawake wa mteremko mmoja, Wakikuyu na Wakalenjin, tukichuma leo kwako, kesho kwangu, kesho kutwa kwa yule. Mwenye shamba anapika chai na viazi. Aliyeanzisha zamu ni Mama Rael, na watu walidhani ni ya kumaliza pareto haraka. Ilikuwa ya hiyo pia. Lakini yeye alikuwa na lake kichwani.

Alizaliwa kwa shamba la mzungu, nyumba za wafanyakazi, huko chini kuelekea Molo. Mama yake alichuma pareto ya mzungu mpaka vidole vikapasuka. Baba yake akafa akianguka kutoka kwa trekta. Wakati matanga hayajaisha, nyapara akaja kuwaambia wahame, nyumba ni ya mwanamume anayefanya kazi, na hapa mwanamume hayuko. Mama yake alikuwa anajua kuchuma kuliko huyo nyapara anavyojua jina lake. Walitoka na sufuria na godoro. Mama Rael alinisimulia hayo tukiwa tumeinama kwa mstari, bila kuacha kuchuma, na mwisho akasema tu, "Mama yangu hakusema neno. Alifunga mzigo. Nilingoja aseme neno, mpaka leo ninangoja."

Basi kule kwetu, shamba ikiuzwa ilikuwa lazima ipite kwa bodi ya ardhi. Wazee wamekaa kwa mabenchi, D.O., afisa wa serikali wa tarafa, ndiye mkubwa wa kikao, na karani anaandika. Wakati huo walikuwa wameanza kusema mwanamume asiuze kabla bibi yake kuulizwa kama amekubali. Neno zuri sana. Lakini sikiliza vile lilikuwa likifanyika. Mwanamke analetwa, anasimama mbele ya wazee, wengine ni rika la baba mkwe wake. Sisi tulifundishwa ukiongeleshwa na mzee unaangalia chini na unanyamaza, hiyo ndiyo heshima. D.O. anauliza, "Mama, umekubali shamba iuzwe?" Mama anaangalia chini. Ananyamaza. Mzee mmoja anasema, "Amenyamaza, basi amekubali." Karani anaandika. Mwaka unaofuata unamkuta huyo mama amekodi chumba sokoni, anauza sukuma wiki za shamba ambayo ilikuwa yake.

Adabu yetu ndiyo ilikuwa kalamu ya kutuuzia.

Mama Rael aliona hayo zamani kabla ya mtu yeyote kwetu kuyapa jina. Hakuwa na mkutano, hakuwa na bango, hakuna aliyemtuma. Alikuwa na mistari ya pareto na wanawake walioinama. Kwa hivyo akaanza mazoezi. Tukiwa tunachuma, yeye ananyooka, anaweka mkono kiunoni, anafanya sauti ya D.O.

"Wewe Mama Cherono! Umekubali shamba iuzwe?"

Mama Cherono, akiwa ameinama, anasema kidogo, "Hapana."

"Umeambia nani?"

"Nimekuambia wewe."

"Umeambia pareto. Pareto hainunui shamba. Simama uniambie mimi."

Anasimama. Anafunika mdomo na leso. Sisi tunacheka. "Toa leso! Hiyo ni meno ama ni siri ya serikali?" Anatoa leso, anasema hapana, lakini anaangalia gambuti za Mama Rael. "Mimi niko huku juu, mama. Ama D.O. wako anaishi kwa viatu?"

Tulichukua kama mchezo. Wengine walikuwa wakimuiga nyuma yake, mmoja hata alikuwa akijibu "Hapana, afande!" na kupiga saluti na kikapu kichwani. Mama Rael hakukasirika. Alisema mcheke, lakini mcheke mkisema.

Halafu Mama Cherono akaitwa kweli. Mzee wake alikuwa anauza nusu ya shamba, ile yenye maji. Alifanya mazoezi wiki nzima, alikuwa ameiva. Lakini mnajua pareto huwafanya watu wengine wapate mafua, na yeye alikuwa hivyo, msimu wa maua pua yake haikauki. Akasimama mbele ya bodi. D.O. akauliza. Akafungua mdomo, na chafya ikamshika. Si moja. Zilikuja zikifuatana, na kila chafya kichwa kinaenda chini, kinaenda chini. Mzee mmoja akasema, "Huyo ameitikia na kichwa, amekubali hata kwa nguvu." Wakacheka. Karani akaandika. Alipomaliza kufuta pua, walikuwa wameshaita mtu mwingine.

Hatukucheka kwa mistari mwezi mzima. Nusu ya shamba, na kisima, vimeenda na chafya. Mama Rael hakulala juu ya hiyo kesi. Akaja akatuambia mazoezi yanabadilika. Kuanzia leo hakuna kusema hapana peke yake, na hakuna kutumia kichwa, kichwa ni cha kubeba maji. Mwanamke atasema jina lake, atasema yeye ni bibi ya nani, atasema shamba ni ya nini kwake, halafu atasema hakubali. Maneno yote, na mdomo. "Neno moja wanalikanyaga," alisema. "Ukiweka maneno mengi kwa njia, watajikwaa."

Na akaongeza la pili. Akiitwa mmoja wetu, tunaenda zamu nzima. Ukichuma kwa shamba ya mtu kila wiki, unajua ni ya nani, unajua nani analala kwa hiyo nyumba na nani anaamkia kuteka maji. Wewe ni shahidi. Ndio nikaelewa kwa nini alituzungusha leo kwako kesho kwangu.

Msidhani alipigiwa makofi. Waliita zamu yetu kikundi cha kuvunja nyumba. Kanisani alikuwa akiongoza akina mama kuimba, wakamwambia apumzike kidogo, na huko kupumzika kukachukua miaka. Meza zake za kuanikia pareto zilichomwa moto pamoja na maua ya msimu, na aliyefanya hivyo hakujulikana mpaka leo. Kesho yake asubuhi tulimkuta anatengeneza meza nyingine na mbao nusu zimeungua. Hakusema habari ya moto. Aliniambia mimi, "Mama Wahome, shika hapa nipige msumari."

Watu walimwendea mzee wake, mtu mpole wa kuchunga kondoo, wakamwambia, wewe unaruhusu vipi bibi yako azunguke akifundisha wanawake ukaidi? Akawauliza, "Nimruhusu vipi? Kwani nimemfunga wapi?" Hiyo jibu ilitembea mteremko wote, ikafika mpaka kwa posho mill, kule tunakosaga unga. Mimi nilikuwa nikimwambia Kariuki wangu hiyo mara kwa mara, na yeye alikuwa akijifanya hasikii.

Nitasema ukweli juu ya Kariuki, kwa sababu amepumzika na hawezi kujitetea. Hakuwa mtu mbaya. Hakunipiga, hakulewa sana, na watoto walimpenda. Alikuwa tu mtu wa kupenda gari. Akiona lori ya viazi imepita kwenda Gilgil au Nairobi, anasimama na jembe mpaka vumbi litulie. Na mtu wa kupenda gari, shamba kwake ni gari ambayo bado haijabadilishwa.

Alizeeka kwa hiyo shamba. Miaka yake ya mwisho alikuwa akiketi nje na blanketi, akiangalia mistari, na jioni moja akaniambia, bila kunigeukia, "Wambui, ungenyamaza siku ile ya bodi, mimi ningezikwa makaburi ya mji kama mtu asiye na kwao." Hakusema pole, wanaume wa rika lake hawana hilo neno. Mimi nililipokea kama pole. Nikamwekea chai sukari zaidi.

Na mimi sasa nina wajukuu. Mmoja ni msichana, askari wa jeshi, yuko kambi ya Lanet, akija na zile nguo zake watoto wa jirani wanajipanga mstari. Mwingine anapima mashamba ya watu na ile mashine ya miguu mitatu. Wahome ndiye huyo wa plastiki ya pareto, na ninyi mnamjua, ni mwenyekiti wenu. Wote walisoma kwa mgongo wa ile shamba: pareto ikiwa na bei, halafu viazi pareto ilipokufa, halafu maziwa. Siku hizi bodi ikikaa, mama anaitishwa kitambulisho, anaangaliwa uso, anaulizwa polepole, na mwingine anajibu huku anatafuna chingamu. Mnaona ni kawaida. Inafurahisha mkiona ni kawaida. Lakini haikuanguka na mvua.

Mama Rael tulimzika msimu uliopita wa baridi. Watu walijaa mpaka barabara ikafungwa. Mhubiri alisema marehemu alikuwa mama mpole na mnyamavu. Sisi wa zamu, tuliobaki, tukaangaliana. Mama Cherono, na uzee wake wote, akasema kwa sauti, "Mhubiri, huyo ni mwingine, umekosea jeneza." Watu walicheka kaburini, na nafikiri Mama Rael alicheka pia huko aliko.

Sasa niwaambie siku yangu mwenyewe. Mjukuu wangu askari huniambia, "Shosh, hiyo story si ungeanza nayo?" Namwambia chakula kizuri hakitolewi mbele ya chai.

Ilikuwa mwaka wa pili wangu kwa zamu. Mama Rael alikuwa kwa mstari wa posho mill na debe lake, akasikia mwanamume mmoja mbele yake akijigamba kwamba anajenga, kwamba amepata mahali pazuri pa mteremko, kwamba shamba ya Kariuki inaenda bodi kesho na atahamia kabla ya mvua. Mama Rael akaacha debe lake hapo. Akaja kwangu akihema. Nilikuwa nakamua.

"Mama Wahome, mnahama?"

"Kuhama wapi?"

"Basi mzee wako anahama peke yake, na anahama na shamba."

Nikamwaga maziwa. Sikuwa na habari. Kariuki alikuwa ameniambia kesho anaenda kuangalia dawa ya ng'ombe.

"Hawezi," nikasema. "Si lazima wanione mimi? Si lazima niulizwe?"

"Ndiyo hiyo inanisumbua," akasema. "Hajakuambia uende. Sasa atamwonyesha nani?"

Usiku sikumuuliza kitu. Mama Rael aliniambia nisimuulize, kwa sababu nikimuuliza angeahirisha, angengoja nimesafiri, na siku hiyo zamu haitakuwa na habari. Asubuhi akatoka mapema. Nilipoenda kuvaa, sikuona sweta yangu ya kanisa, ile ya rangi ya zambarau yenye vifungo vikubwa. Nikafikiri mtoto ameitupa mahali. Nikajifunga leso nikatoka.

Kwa lango nilikuta zamu yote. Maua siku hiyo yalikuwa yameiva kwa shamba ya Mama Cherono, yanafaa kuchumwa hiyo hiyo siku, na yeye mwenyewe ndiye alikuwa mbele, pua nyekundu. Nikamwambia, "Na pareto yako?" Akasema, "Itazeeka. Twende."

Tulifika bodi ikiwa imeanza. Tukaingia tukasimama nyuma, karibu na mlango, wanawake wenye miguu ya udongo. Mzee mmoja alinung'unika kwamba leo ni soko. Na mbele, karibu na meza, alisimama Kariuki wangu, amechana nywele, na kando yake mwanamke mgeni, kichwa kimefungwa vizuri, macho chini, heshima tupu. Nilimwangalia nikimhurumia, nikijiuliza ni bibi ya nani anayeuziwa leo.

Halafu nikaona vifungo.

Ilikuwa sweta yangu. Sweta yangu ilikuwa imenitangulia bodi.

D.O. akamwuliza yule mwanamke, "Mama, wewe ndiye bibi ya Kariuki?"

"Ndiyo."

"Umekubali shamba iuzwe?"

"Nimekubali."

Alijibu vizuri kuliko sisi wote kwa mazoezi yetu. Karani akainua kalamu. Nilivuta nguo ya Mama Rael kama mtoto anavyovuta ya mama yake.

"Niongelee," nikamwambia. "Tafadhali. Wewe unajua kuongea. Sema wewe."

Hakunigeukia hata. Alikuwa anaangalia mbele, na taya imekaza.

"Sitakuongelea."

"Mama Rael, woi."

"Nikikuongelea watasema ni yule mkaidi, ni mambo yake, wataniambia nikae na wataandika. Shamba ni yako na mdomo ni wako. Mimi niko hapa nyuma, sitoki. Simama."

"Nimesimama."

"Umeegemea. Simama."

Nikatoka kwa ukuta. Sijui nilipitaje kati ya mabenchi. Najua mzee mmoja alivuta miguu nipite akidhani naenda kujisaidia. Kariuki akaniona, na uso wake ukawa rangi ya majivu.

"Na wewe ni nani?" D.O. akauliza.

Kabla nijibu Kariuki akaruka. "Bwana D.O., huyo ni jirani. Ana shida kidogo ya kichwa, watu wanamjua."

"Tunamjua!" Mama Cherono akapaza sauti kutoka mlangoni. "Tumechuma kwake mpaka juzi! Ugali wake tumekula!"

Wazee wakaanza kucheka, mmoja akasema Kariuki kumbe ana duka la wanawake, mwingine akasema toeni hawa nje, na askari wa chifu akaanza kuja kwa upande wangu. Yule mwanamke wa sweta alikuwa ameanza kufungua vifungo, kimoja kimoja. Nikaangalia chini. Nilizoea hivyo. Niliona viatu vya D.O. chini ya meza, vimepakwa rangi vizuri, na nikakumbuka haishi huko. Nikainua macho, nikayaweka kwa uso wake. Alikuwa kijana. Sikuwa najua alikuwa kijana.

Nikasema, "Mimi ndiye Wambui, bibi ya Kariuki. Hiyo shamba nimezalia watoto wangu hapo, ninalima hapo, na sikubali iuzwe."

Askari akasimama. Kariuki akafungua mdomo, D.O. akamwinulia mkono, akamgeukia karani.

"Umeandika?"

"Bwana, kulikuwa na kelele. Sijashika."

D.O. akagonga meza mara moja, kukanyamaza.

"Mama," akaniambia, "sema tena, aandike."

"Mimi ndiye Wambui, bibi ya Kariuki. Hiyo shamba nimezalia watoto wangu hapo, ninalima hapo, na sikubali iuzwe."